B Zote za Keturah Stroud

Keturah Stroud hajawahi kupata A nyumbani kwao. Alipata B ya aljebra, B ya historia, B ya Kilatini, B ya biolojia, na mwaka ule wa homa ya mapafu alipata C ya jiografia ambayo mpaka leo anakubali ilikuwa haki yake. Mwalimu aliyempa alama zote hizo ni mmoja, mama yake mzazi, Lorna. Darasa lilikuwa meza ya jikoni, katika nyumba ya mbao juu ya kilima cha Bledsoe Gap, kusini mwa Missouri. Saa za masomo zikiisha vitabu viliondolewa, sahani zikapangwa, na alama hazikuzungumzwa tena mpaka meza ifutwe.

Lorna hakuanzia kwenye meza hiyo. Alikuwa mwalimu wa lugha katika sekondari ya wilaya. Mwaka mmoja mkuu wa shule alimwomba ampandishie alama mchezaji wa mpira wa kikapu ili kijana asikose mechi za mwisho wa msimu. Lorna alikataa. Mkuu akaipandisha mwenyewe, na Lorna akarudisha funguo za darasa siku hiyohiyo. Keturah alikuwa bado ana meno ya utoto. Kwa akina Stroud kisa hiki kilisimuliwa jinsi familia nyingine zinavyosimulia habari za babu aliyerudi kutoka vitani. Hakuna aliyechoka kukisikia, au kama alichoka hakusema.

Kutokana na kisa hicho ilizaliwa sheria ya nyumba: A ni ya kazi isiyo na doa, na Lorna alikuwa hajaiona kazi ya namna hiyo, hata iliyotoka mkononi mwake mwenyewe. B ilikuwa alama ya mtu mwenye bidii na akili. Aliyepata B kwa Lorna aliweza kutembea kifua mbele.

"Kwa mama yako," Wendell, baba yake Keturah, alipenda kusema, "hata Mtume Paulo angepata B ya mwandiko."

"Angepata C," Lorna alimjibu bila kuinua macho. "Mwenyewe alikiri kwa Wagalatia kwamba anaandika kwa herufi kubwa."

Wendell hupigilia farasi viatu vya chuma katika mashamba ya wilaya nzima, na huko ndiko Keturah alikopata hamu yake. Alimfuata baba yake mazizini tangu mdogo, akaanza kumshikia daktari wa mifugo taa, kisha kamba, kisha mguu wa ndama anayezaliwa vibaya. Alipofika umri wa kuamua alikuwa ameshaamua zamani. Alitaka kuwa daktari wa mifugo, na alitaka kusomea Chuo Kikuu cha Wexley, kwa sababu chuo hicho kina njia inayomchukua kijana kutoka sekondari na kumfikisha kwenye udaktari bila kumrudisha mlangoni kuomba upya.

Kila Jumanne familia zinazosomesha watoto nyumbani hukutana katika ukumbi wa chini wa kanisa. Wanauita ushirika. Kila mama hufundisha analolijua kuliko wenzake. Darlene Vance, aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya hospitali, alifundisha kemia. Lorna alifundisha insha. Mwisho wa muhula kila mwalimu alimpa mzazi alama za mwanawe mkononi, na mzazi akaziingiza katika hati ya matokeo ya shule yake, maana kila nyumba pale ni shule na kila mama ni mkuu wa shule. Kuulizana alama za watoto kulihesabiwa utovu wa adabu, sawa na kumuuliza mtu uzito wake.

Kwa hiyo Keturah hakuwahi kujua alama za Colter Vance, mwana wa Darlene, ingawa alizijua insha zake kuliko Colter mwenyewe.

"Ketu, niokoe. Hii koma naiweka wapi?"

"Pale unapovuta pumzi."

"Mimi nikianza kusema sivuti pumzi."

"Ndiyo maana insha yako haina hata moja. Lete hapa."

Colter alikuwa kijana mrefu, mchangamfu, asiye na hila. Baba yake alifuga kondoo, na naye alikuwa na ndoto ileile ya Wexley, pengine kwa sababu alimsikia Keturah akiizungumza mara nyingi. Insha yake kubwa ya mwaka wa mwisho ilihusu mbweha wanaoshuka usiku kula wana-kondoo. Ilikuwa na mbweha wengi na haikuwa na mwisho. Keturah aliketi naye kwenye ngazi za kanisa, akampangia aya, na mwisho aliuandika yeye, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na Colter alikuwa bado anatafuna penseli.

Wexley hakiwafungii mlango waliosomea nyumbani, ila kinawataka walete zaidi ya wengine: hati ya matokeo iliyotiwa sahihi na mkuu wa shule, maelezo ya kila somo na vitabu vilivyotumika, mtihani wa taifa, na barua ya mapendekezo kutoka kwa mwalimu ambaye si ndugu. Sharti hilo la mwisho liliwachekesha nyumbani. Mwalimu pekee aliyemjua Keturah vizuri ndiye asiyeruhusiwa kuandika.

"Kinyozi hajinyoi," Wendell alisema. Barua ikaandikwa na daktari wa mifugo.

Katika mtihani wa taifa Keturah alipata alama za juu kuliko kiwango walichotaka. Februari alipigiwa simu na ofisa udahili, Bi. Haskell, mwanamke mwenye sauti ya upole na ya haraka.

"Keturah, mtihani wako ni mzuri sana. Tatizo ni wastani. Njia ya mifugo inataka tatu na nusu kati ya nne. Wewe una tatu, tena pungufu kidogo."

"Ndiyo, bi."

"Nikwambie ukweli. Watoto wa nyumbani hutuletea A tupu. Tumezoea. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea B tupu. Shule yenu inatumia kipimo gani?"

"A ni ya kazi isiyo na doa, bi."

"Na nani amewahi kuipata?"

"Bado hajatokea."

"Basi zungumza na mkuu wa shule yako," Bi. Haskell alisema, na alipotamka 'mkuu wa shule' alijua vizuri anamtaja nani. "Kama kipimo chenu ni kikali kuliko cha wengine, shule inaweza kuleta hati iliyorekebishwa, pamoja na maelezo ya kwa nini. Maelezo ndiyo muhimu. Kamati ya maombi yaliyobaki na swali inakaa mwishoni mwa Machi."

Mkuu wa shule alikuwa jikoni, anakanda unga wa mkate. Keturah alimweleza yote na hakupunguza neno. Lorna aliendelea kukanda.

"Unaniomba niandike nini?"

"Sikuombi uongo, Mama. Nakuomba upime kwa kipimo wanachopimia wengine."

"Cha wengine ni mpira. Kila mtu anauvuta mpaka unapomfaa."

"Basi waandikie tu kwamba chako si mpira. Wamesema maelezo yanatosha."

"Nikianza kujieleza nimeshaanza kuomba radhi. B yako ni B. Aliye na macho ataiona thamani yake." Aligeuza donge la unga. "Niliacha kazi kwa ajili ya jambo hili, Keturah. Unataka nilirudie kwa mwanangu mwenyewe?"

Keturah alikwenda bandani, akalia, akanawa uso kwa maji ya kunyweshea ng'ombe na kurudi kuandaa meza. Hakumchukia mama yake siku hiyo. Kwa namna fulani alijivuna. Alijiona anakosa nafasi kwa sababu ya haki, na kukosa kwa namna hiyo alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba si aibu. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alikuwa amecheza kwao maisha yake yote, na akakubali kwamba kwao hakuna anayetunzwa, awe mwana wa nyumba au mgeni. Neno lililomwezesha kulala usingizi lilikuwa hilo la mgeni.

Jumanne ya katikati ya Machi ushirika ulikula pamoja, kila familia na sufuria yake. Palikuwa na maharage ya nyama ya kulungu, viazi vilivyookwa na jibini, mkate wa mahindi, na chai baridi yenye sukari ya kutisha. Keturah alikuwa akiwapakulia watoto wadogo Darlene Vance alipogonga glasi kwa kijiko.

"Mniwie radhi, sitaweza kula nikiwa nimeziba mdomo. Colter amepata Wexley. Njia ya mifugo. Barua imefika jana."

Ukumbi ulipiga makofi. Keturah naye alipiga, na upawa ulikuwa bado mkononi. Darlene alikuwa ameshamfikia Lorna na kumshika mabega.

"Na huyu hapa, nawaambieni, huyu ndiye aliyembeba. Ofisa alimwambia Colter hajapata kusoma barua ya mapendekezo kama aliyoandika huyu. 'Mwenye kipaji kikubwa kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha.' Nimeikariri, Lorna, naisema hata nikiosha vyombo."

"Darlene, inatosha," Lorna alisema.

"Haitoshi. Na zile A zako za insha, miaka yote mitatu. A zangu mimi mama yake nani angeziamini? Zako zilimfungulia mlango."

Lorna hakumtazama binti yake. Aliyemtazama ni Colter, kutoka upande wa pili wa meza, kisha akainamisha macho kwenye sahani.

Keturah aliweka upawa chini, akatoka. Colter alimkuta kwenye ngazi.

"Ketu, sikujua kwamba wewe hupati A. Nani angefikiri hupati? Mimi nikipata A, nilidhani wewe unapata kitu gani sijui, labda wanakutengenezea herufi yako."

"Ulijua lini?"

"Mama alisema mwezi uliopita. Alisema Bi. Lorna kamwambia una B. Nilidhani anatania."

"Ile ya mbweha ulipata ngapi?"

Colter alikuna shingo. "A."

"Ile niliyokuandikia mwisho wake."

"Ndiyo hiyo. Pembeni aliandika..." Akasita. "Aliandika kwamba mwisho wake ni mzuri kuliko mwisho wowote aliousoma mwaka huu."

Juma lile la mbweha Keturah naye alikuwa amemkabidhi mama yake insha. Ilipata B, na pembeni, kwa wino mwekundu: mwisho unakwenda haraka.

Walirudi nyumbani kwa gari la mizigo, Lorna akiendesha.

"Umempa Colter A," Keturah alisema.

"Colter si mwanangu."

"Hilo ndilo ninalosema."

"Darlene alikuja kwangu analia. Kijana alitaka kuacha shule, alisema yeye ni mjinga. Nikampa A ya kwanza ainuke. Ya pili nisingeweza kuishusha bila kumwangusha tena. Mtoto wa mtu ukimvunja, utamrudishia mama yake nini?"

"Na mimi?"

"Wewe huvunjiki. Nilijua tangu una miaka sita."

"Kwa hiyo hii ni adhabu ya kutovunjika."

"Usinipindishie maneno."

"Na ile barua? 'Kuliko wote niliowahi kuwafundisha.' Umenifundisha mimi, Mama. Kuliko wote ni pamoja na mimi."

Lorna alibadilisha gia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Barua za mapendekezo huandikwa hivyo. Kila mtu anajua."

"Mkuu wa shule ya wilaya alimpandishia alama kijana mmoja. Mmoja tu, mara moja. Ukarudisha funguo."

Walipofika nyumbani Lorna alizima injini na kubaki ndani ya gari, na Keturah akaingia peke yake. Jikoni Wendell aliuliza kuna nini. Alipoambiwa alivua kofia, akaitazama kwa ndani, akaivaa tena.

"Hilo sikulijua," alisema. Keturah alimwamini, maana Wendell hana uwezo wa kudanganya hata farasi.

Siku zilizofuata waliongea mambo ya maziwa na kuni tu. Alhamisi moja Lorna alikwenda mjini, akarudi amechelewa, akapika chakula anachokipenda Keturah, kuku wa kukaanga na mchuzi mweupe. Keturah alikula na hakuuliza. Alidhani ni namna ya mama yake ya kuomba msamaha, na kwa sehemu alikuwa sahihi.

Simu ya jikoni ililia Jumatatu, siku moja kabla ya kamati. Keturah ndiye aliyeipokea.

"Keturah, ni Haskell wa Wexley. Nina hati mbili za shule yenu mezani. Sahihi moja, masomo yaleyale. Ya kwanza ni B tupu. Ya pili, iliyoingia juma lililopita, ni A tupu. Hakuna mstari hata mmoja wa maelezo. Unajua habari zake?"

Keturah aliutazama mgongo wa mama yake, aliyekuwa anaosha vyombo na ambaye mikono yake ilikuwa imeacha kutembea majini.

"Sikuijua ya pili, bi."

"Naomba kusema na mkuu wa shule. Kesho wataniuliza ipi ya kweli, na sina la kuwaambia."

Lorna alijifuta mikono, akapokea simu, akajitambulisha kwa jina kamili. Alisikiliza. Kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Niseme ipi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza. Utakalosema wewe ndilo nitakalosema."

Tangu ajue kusoma, Keturah hakukumbuka mama yake kumuuliza swali ambalo mwenyewe hana jibu lake. Aliona wazi anachokabidhiwa. Akisema ya pili, atakwenda Wexley, na uongo utakuwa wake. Akisema ya kwanza, atabaki, na kubaki huko kutakuwa kumetoka kinywani mwake. Katika yote mawili Lorna alikuwa ameshajitoa. Lile la insha ya mbweha lilimuuma, la barua likamuuma zaidi, lakini hili ndilo lililomfanya anyooshe mkono na kuchukua simu.

"Bi. Haskell, ni Keturah. Ya kwanza ndiyo aliyonipa mwalimu wangu. Ya pili ameiandika mama yangu."

Bi. Haskell alisema polepole kuliko kawaida yake.

"Unaelewa maana yake kwa nafasi yako?"

"Naelewa, bi."

"Maelezo ndiyo niliyokuwa nayataka, Keturah. Ukurasa mmoja tu. Sasa nina shule ambayo siwezi kuamini hata B zake." Akavuta pumzi. "Pole, binti."

Keturah alirudisha simu ukutani.

"Nilitaka kukusaidia," Lorna alisema.

"Ungenisaidia nilipokuomba."

Mei ushirika ulifanya mahafali yake kanisani. Desturi ya pale ni kwamba kila mhitimu hukabidhiwa cheti na mzazi aliyemfundisha, na akina mama hulia, na baba hupiga picha. Jina la Keturah lilipotajwa, aliyepanda jukwaani ni Wendell. Alikuwa amevaa tai, na alikishika cheti juu chini. Watu walicheka kwa upendo, wakidhani ni mzaha wa akina Stroud. Lorna alikuwa safu ya pili na kamera.

Agosti Colter alikwenda Wexley. Keturah aliingia chuo cha umma cha miaka miwili kilichoko mji wa wilaya, ambacho hakimuulizi mtu alisomea wapi, na akapanga chumba kwa shangazi yake. Asubuhi anafanya kazi mnadani, anapima homa za ng'ombe kabla hawajaingizwa ulingoni. Mchana anasoma anatomia kwa mwalimu ambaye muhula ulikaribia kwisha kabla hajalijua jina lake. Akimaliza anaweza kuomba Wexley tena, safari hii kwa alama za chuo, na hati ya nyumbani haitaulizwa. Itamgharimu miaka, na huenda njia ile ikawa imeshafungwa.

Jumapili huenda nyumbani kula. Lorna bado anafundisha insha Jumanne, na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote kanisani. Vyombo vikiondolewa, humgeukia binti yake.

"Ule mtihani wa mifupa umeshasahihishwa?"

"Umeshasahihishwa."

"Umepata ngapi?"

"Nimefaulu," Keturah humjibu, na kuanza kufuta meza.